Msuko Usio na Pindo

Kambi ya wafanyakazi wa reli, Albertville

Mwalimu Yohana,

Nakuomba, kabla ya salamu na kabla hujakaa vizuri na miwani yako, uliza kwanza: Riziki mdogo wangu ameshaanza uchungu? Kama ameshaanza, weka barua chini, kimbia ghala la pamba uombe kamio, lori lao la pamba, mumpeleke lopitali ya Uvira hivyo hivyo alivyo. Barua mtaisoma baadaye.

Kama hajaanza, basi kaa umsomee Mama. Pamoja na barua hii utakuta kifurushi kilichoshonwa kwa kitambaa cha gunia. Usimpe kwanza. Kikalie, kifiche chini ya kiti, fanya unavyojua, lakini asikishike mpaka mimi nimalize kusema. Tena unisamehe, Mwalimu, sauti yako imezoea kanisa. Ukisoma barua kwetu hata kuku wa jirani wanapata habari. Leo funga mlango, soma kwa sauti ndogo. Kuna maneno ya wanawake humu ndani. Utaona haya, na mimi naona haya, lakini haya haijamzalisha mtu.

Mama yangu,

Yambo, Mama. Yambo sana. Umelalaje? Goti lako la kushoto limepoa, ao bado linakutabiria mvua? Na Baba, kile kikohozi chake cha asubuhi kimemwachia? Muhogo wa kule karibu na mfereji mmeshaung'oa, ao nguruwe wa porini wamewatangulia tena? Sisi huku tuko wazima. Petro mume wangu ni mzima, bado yuko karakana ya reli, anarudi jioni amejaa grisi hata mtoto anamnyooshea mikono jirani yetu Mama Feza kwa kilio. Mtoto ni mzima kabisa. Ana meno mawili ya chini na anang'ata watu wote bila ubaguzi, hata padri alipokuja kubariki nyumba aling'atwa kidole. Mimi pia ni mzima. Neno hilo ulishike vizuri, Mama, maana nitakuja kulihitaji mbele: mimi mwanao ni mzima, na barua hii ninaiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa mpishi wa meli. Nilikuwa natwanga majani ya sombe mlangoni. Mama Feza alikuwa amembeba mtoto. Ni yule jirani yangu niliyekuambia, mwanamke wa Kasongo, mdomo wake haujui kufungwa lakini moyo wake ni mkubwa. Niliyasoma maneno yako kwa sauti ili naye asikie. Nilisoma salamu, nikasoma habari ya pamba kwamba mwaka huu mizani ya wanunuzi ni ya wizi, tukacheka. Halafu nikafika pale uliposema hivi, na sasa maneno yale nayajua kuliko Salamu Maria: "Riziki amerudi kwangu kuzaa mtoto wake wa kwanza. Mume wake Gaspari anataka ampeleke kwa masera, wale watawa wa lopitali ya Uvira. Nimemwonyesha msuko wako, amenyamaza. Nimemfunga Riziki ule msuko tumboni, utamkaa hapo mpaka siku yake. Waliotoka tumbo moja watapita njia moja."

Nikaacha kusoma. Mama Feza akaniuliza, "Iko nini? Muntu amekufa?" Nikamwambia bado.

Mwalimu, weye si mtu wa nyumba yetu, acha nikueleze, usije ukakwama katikati. Ile misuko inayoning'inia ukutani juu ya kitanda cha Mama, ambayo siku moja uliisifu kuwa mapambo mazuri, si mapambo. Nyanya ndiye aliyeianza na Mama akaifuata. Watu wengine wa Katogota hawana jambo hilo, tena wanatucheka. Kwetu mwanamke akianza uchungu, mwingine anakaa karibu yake na majani ya kinamasi cha Ruzizi yaliyochanwa chane nyembamba, anasuka. Uchungu ukimshika mzazi, msukaji anaingiza chane nyeusi, zile zilizolazwa katika matope. Ukimwachia, anarudi kwenye nyeupe. Haachi mpaka mtoto alie. Mtoto akilia, ncha zinarudishwa ndani, zinapindwa, basi kazi imekwisha. Hiyo ndiyo kumbukumbu yetu. Chane nyeusi zikikauka zinakwaruza kidogo, kwa hiyo Mama anaweza kuusoma msuko hata taa ikiwa imezimika. Alikuwa akitushikisha mimi na Riziki: "Hapa nilikuwa nakuzaa weye Anastazia. Hapa nilipumzika. Hapa baba yenu alichungulia mlangoni, nikamfukuza kwa kigoda."

Na kuna msuko mmoja pale ukutani usio na pindo. Ncha zake zinaning'inia tu. Ni wa mama mdogo Sofia, mdogo wa Mama, aliyekufa na mtoto wake tumboni. Mama hausomi ule. Anaupangusa vumbi tu.

Sasa nakurudia weye, Mama. Nimezunguka vya kutosha.

Ule msuko niliokutumia, ule mfupi, ulionyooka, wenye nyeusi chache na pindo zuri, si wa uchungu wangu. Niliusuka mwenyewe baadaye, nimekaa kitandani, siumwi kitu isipokuwa moyo. Ni uongo toka mwanzo mpaka pindo.

Sema unachotaka kusema, Mama. Mwalimu atangoja.

Acha nikupe habari ya kweli. Uchungu ulinianza Jumapili watu wakitoka misa. Petro alitaka kunipeleka materniti siku ile ile. Mimi nikakataa. Nikamwambia Mama amesema kukimbilia lopitali ni kazi ya aliyeumwa na nyoka, mwanamke anangoja nyumbani. Nikatoa lile fungu la majani ulilonifungia siku ya kupanda meli Kalundu, nikamkalisha Mama Feza kwenye kigoda, nikamwonyesha namna ya kuanza. Alikataa sana. "Minye sijui vitu vya watu wa Ruzizi. Nipe nguo nifue, nipe mutoto nibebe, lakini hii hapana." Nikalia. Akashika majani.

Alisuka vibaya mno, Mama, utaona mwenyewe. Lakini alisuka. Kila mara aliniuliza, "Iko nini sasa, nyeusi ao nyeupe?" Na mimi kutoka kwenye mkeka naitikia, "Nyeusi! Nyeusi!" Ikipita nasema, "Nyeupe." Majirani wakasikia, wakadhani tunagombania rangi ya vitambaa vya vikwembe. Jumapili ilikwisha hivyo.

Jumatatu king'ora cha karakana kililia cha asubuhi, kikalia cha mchana, na mimi bado niko palepale. Majani ya Ruzizi yakaisha. Mama Feza akachana maganda ya mahindi, mengine akayapaka masizi ya chungu yawe meusi. Nayo yakaisha. Akafumua gunia la unga wa kantini. Akaniambia, "Weye, uchungu wako umekula majani, umekula mahindi, sasa iko inakula gunia. Kesho nitasuka nywele zangu." Nilicheka, na ile ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka katika uchungu ule. Baadaye hakuniuliza tena iko nini. Alisuka nyeusi tu, nyeusi juu ya nyeusi, na mimi nikamsikia anasali kwa lugha ya kwao.

Jumanne Petro hakuomba ruhusa yangu. Alikuja na machela na watu wawili wa karakana, wakanibeba. Msuko wote ulikuwa juu ya kifua changu, umezungushwa mizunguko mingi, na mwisho wake ulikuwa bado vidoleni mwa Mama Feza. Alikwenda kando ya machela akisuka. Mama, yule mwanamke alipita kambi nzima akisuka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, watu wanamkodolea macho. Tulipofika mlango wa chumba cha kupasulia, masera aliyefunga kitambaa mdomoni akamzuia. Mama Feza akasema, "Masera, kazi haijaisha, mutoto bado hajalia." Masera si mtu mbaya. Alisema tu, "Kazi yenu imekwisha. Sasa iko yetu." Akachukua mkasi, akaukata msuko kati yangu na vidole vya Mama Feza. Niliusikia ule mkasi. Halafu wakaniwekea kitambaa cha dawa puani.

Walinipasua, Mama. Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikalifuta, sasa liko hapa na halifutiki. Mtoto alitolewa kwa njia ya tumbo. Alilia, na mimi mama yake sikumsikia. Sauti yake ya kwanza ilisikiwa na watu wasiojua hata Katogota iko wapi. Nilipoamka nilikuta nyuzi tumboni na mtoto mikononi mwa mwanamke mwingine. Wanawake wa wodi wakaniuliza, "Mwenzetu, umejifungua nini?" Neno lenyewe lilinikataa mdomoni. Kujifungua ni kazi ya mtu mwenyewe. Mimi sikujifungua, nilifunguliwa.

Daktari alikuja siku ya tatu. Kiswahili chake ni kile chao, lakini nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Alisema mifupa ya nyonga zangu imebanana, mtoto hakuwa na mahali pa kupita, na kama Petro angengoja mpaka jioni tungezikwa wawili. Halafu akauliza, "Weye iko na ndugu mwanamuke?" Nikasema ninaye mmoja. "Iko mufupi kama weye?" Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Andika barua kwao. Yeye asizalie nyumbani. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Mama, niliambiwa na kinywa cha daktari niandike. Na nikaandika kweli, ila nilichoandika ni salamu, na nilichotuma ni uongo.

Utaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza tangu barua yako ifike.

Petro alikuwa ameniletea nguo zangu na ule msuko ndani yake. Nikaukunjua kitandani, nikafika mwisho, nikaona ncha zimekatika zinaning'inia. Palepale nikaona ukuta wako. Nikamwona mama mdogo Sofia. Nikasema, nikimtumia Mama kitu hiki atakishika kabla barua haijasomwa, vidole vyake vitafika mwisho, na atanililia matanga mimi niliye hai. Baba atanyoa nywele. Hilo ni la kwanza, na nadhani ungenisamehe kama lingekuwa peke yake. Lakini sitakudanganya mara ya pili: niliona haya. Nilikumbuka wanawake wanavyokuja kwako jioni kushika misuko yako, na weye unavyosema, "Binti zangu wameumbwa na mimi, watazaa kama mimi." Nikajiona mimi ndiye wa kwanza kukuvunjia neno. Huku kambini wanawake waliopasuliwa wanasemwa kwamba hawakuzaa, walichuma. Sikutaka Katogota nayo isikie.

Sikuwa na majani. Basi, Mama, jikaze: nilifumua mkeka. Ule mkeka tuliolalia mimi na Riziki tangu utoto, ulionipa niondoke nao, ndio niliofumua pembeni nikapata chane. Ndiyo maana uliunusa ukasema majani ni ya kwetu. Pua yako haikukosea. Vidole vyako navyo havikukosea, usije ukavilaumu. Ulisoma sawasawa kile nilichokusukia.

Mama Feza alinikuta nikipinda ncha. Akanitazama, akatazama mkeka. Akasema, "Mficha uchi hazai." Nikamjibu kwa kiburi, "Mimi nimeshazaa." Akasema, "Weye ndiyo. Na wengine?" Nikamwambia aende akasonge bugali wake. Petro naye alisema njia ya mwongo ni fupi, akarudi kazini, maana ni mtu wa kusema mara moja. Alidhani nitaogopa mwenyewe. Sikuogopa. Nilitulia kabisa. Msuko ukaenda Uvira na meli, na weye ukanijibu kwa furaha, ukampa mtoto jina. Mteremko! Kwa sababu eti aliteremka tu. Padri amembatiza Yosefu, lakini jina lako ndilo lililomshika. Kila nikimwita, Mama Feza anapiga kofi paja lake: "Mteremko gani? Huyu alikuwa mulima!" Na mimi nacheka naye, halafu nageuza uso. Mtoto anaitikia jina lake kwa furaha sana. Mwana wangu anaitwa kwa uongo wangu, na nitamwita hivyo mpaka nife.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Haya ya mtu mmoja, mtu mmoja anaibeba. Lakini sasa uongo umetoka kwangu, umepanda kamio, umefika Katogota, umekaa juu ya tumbo la mdogo wangu. Gaspari alisema neno la akili, na kilichomnyamazisha ni mikono yangu. Nikilala namwona Riziki. Ana mwili wangu, Mama, unajua. Kikwembe changu kilimkaa bila kupindwa, viatu vyangu vilimwenea. Tukisimama tumegeuza mgongo, hata Baba anakosea jina. Mnapomwangalia Riziki mnaniangalia mimi ile Jumapili, kabla ya majani kwisha. Tofauti ni kwamba Katogota hakuna chumba cha kupasulia nyuma ya mlango wowote.

Na acha niseme moja zaidi, hata kama utanikasirikia. Mama, na weye ulikosea kidogo. Ulitulea tuamini kwamba mwenye msuko mfupi ndiye mwanamke, na mwenye mrefu ana jambo. Mtoto wa kike aliyelelewa hivyo akipata msuko mrefu atafanya nini? Ataufupisha. Na habari ya mama mdogo Sofia, mnasema wakwe zake walimroga, hata leo hamwendi mazishini kwao. Nakumbuka Sofia. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka alikuwa haifikii rafu ya sahani, akinituma mimi nipande kigoda. Alikuwa mfupi kama mimi na Riziki, kiuno chake ndicho hiki hiki. Mama, nadhani hawakumroga. Nadhani mtoto hakuwa na mahali pa kupita, na weye ulikaa karibu yake ukasuka, ukasuka, kama Mama Feza alivyonisukia mimi, na hapakuwa na Petro wa kuleta machela. Halikuwa kosa lako. Hukujua. Mimi ndiye niliyejua nikanyamaza.

Basi nakuomba mambo haya. Usingoje uchungu uanze. Kamio za pamba zinashuka Uvira msimu huu, Gaspari aongee na dereva. Mfikie Kilibula kwa shangazi Marta; nyumba yake haiko mbali na lopitali, na ndagala hazikosekani kwake, mtanuka samaki lakini mtashiba. Mkae hapo mpaka siku yake. Masera wakimpima wakasema njia iko wazi, atazaa mwenyewe, tutamshukuru Mungu na mtanicheka mimi mwoga. Wakisema ni kisu, iwe kisu. Gaspari asikatae, aulize kwa Petro kama mke aliyepasuliwa ni nusu mke. Na weye, Mama, nenda na majani yako. Usiache kumsukia. Wakikuzuia mlangoni, kaa nje chini ya dirisha usuke hapo. Mama Feza aliweza na mguu mmoja bila kiatu, weye utashindwa? Ila ukisikia mtoto amelia, hata kama amelia mikononi mwa nani, pinda ncha. Mtoto akilia msuko una haki ya kupindwa. Mimi sikulijua hilo, na hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Nisalimie Baba, umwambie asimtazame Gaspari kwa jicho baya, kijana alikuwa na haki. Nisalimie Gaspari shemeji yangu, umwambie namwomba msamaha mbele ya watu, siyo pembeni. Nisalimie shangazi Marta wa Kilibula, ndagala alizotuma zilifika, nusu yake ililiwa melini. Nisalimie Mwalimu mwenyewe, ambaye sasa amejua mambo ya tumbo langu kuliko padri. Namtumia sabuni mbili kwa taabu yake. Petro anakusalimu kwa heshima. Mama Feza anasema ukipata nafasi umtumie majani ya kutosha, anataka kujifunza kusuka vizuri, maana kazi yake ya kwanza imemwaibisha. Mtoto anakusalimu kwa meno mawili.

Riziki, kama uko hapo mlangoni unasikiliza, na najua uko hapo, usinichukie. Unichukie baadaye, ukiwa na mtoto mkononi. Nitaikubali chuki yote.

Mwalimu, sasa mpe Mama kifurushi.

Mama, kata uzi wa kitambaa taratibu. Huu ndio wangu. Ukiukunjua utatoka kitandani kwako mpaka jikoni. Utaanza na majani yetu, halafu utakuta mahindi, halafu gunia. Usishangae, ni uchungu mmoja. Kule mbele utasikia unakwaruza tu, hakuna pa kupumzika vidole. Na ukifika mwisho utakuta mahali mkasi ulipopita. Ni kwa ajili ya hapo nilikuomba ulishike lile neno: mimi ni mzima, mtoto ana meno. Usiupinde. Uache hivyo, uutundike karibu na wa mama mdogo Sofia, naye asikae peke yake.

Halafu inuka, usilie kwanza, mwite Riziki ndani. Mimi nilifunguliwa na watu wengine nikaona haya, na weye umemfunga mdogo wangu haya yangu tumboni. Mfungue, Mama.

Ni mimi mwanao,
Anastazia